Sauti za Kifua na Ugonjwa wa Kichomi



Kazi yangu kwa miaka zaidi ya thelathini imekuwa ni kuwasikiliza watoto wakisoma. Mwalimu wa Qur'ani hutazama msahafu kwa macho, walakini kazi yenyewe huifanya kwa sikio. Kwa sikio hujua ni nani aliyeimeza herufi, ni nani aliyevuta madda kupita kipimo chake, na ni nani aliyekata pumzi mahali pasipostahili. Nilikuwa nikidhani kwamba sikio langu limekwisha fundishika. Mwaka uliopita, katika baridi ya mwezi wa Julai, nilipata kujua kwamba lilikuwa limebakiwa na somo moja.

Katika madrasa yetu hapa Bomang'ombe yuko kijana wa miaka tisa, msomaji mwema, ambaye huweza kuifikisha aya ndefu mwisho wake kwa pumzi moja. Juma lile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Machame hata mlima usionekane kwa siku nne mfululizo, na nusu ya darasa walikuwa wakikohoa. Kijana akaanza kusimama mara tatu katika aya ambayo juma lililotangulia aliisoma bila kusimama. Nikamkemea, nikamwambia anafanya mchezo. Akajaribu tena, akaishia katikati, akauweka mkono wake juu ya ubavu wa kulia. Nikamwamuru akakae nyuma. Hayo nayaandika kwa haya, maana mtoto yule alikuwa amenieleza ugonjwa wake wote kwa pumzi zake, nami sikusikia ila kosa la kusoma.

Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nikaenda kwao. Nilimkuta amelalia ubavu ule ule wa kulia, ana homa kali, na kila avutapo pumzi uso unajikunja kwa maumivu. Mama yake alikuwa amekwisha kumnunulia dawa ya malaria dukani, na jirani alikuwa amemkanda ubavu kwa mafuta ya moto, akasema ni kichomi tu, kitatoka. Dada yake mdogo, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi minne, naye alikuwa akikohoa mgongoni mwa mama yake, na kifua chake kilikuwa kikitoa mluzi mwembamba. Tukawachukua wote wawili hospitali.

Niliyoyaona na kuyasikia huko ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Watoto wawili wa nyumba moja, kikohozi chao kimeanza juma moja, nao wamelala chini ya paa moja. Kumbe kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake na dawa yake. Kilichowatenganisha kwanza kilikuwa ni sauti.

KIFUA KIKIWA KIZIMA NA KIKIWA KIGONJWA

Kichomi ni jina la maumivu, yaani ule mchomo wa ubavuni. Hospitalini ugonjwa wenyewe huitwa nimonia, na wengine husema homa ya mapafu. Jina ni moja, lakini vinavyouleta ni vingi: bakteria, virusi, na hata kuvu. Kwa ajili hiyo nimonia ya mtoto huyu yaweza kuwa mbali sana na nimonia ya yule.

Pumzi ishukapo kooni huingia katika bomba moja kubwa. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, na kila tawi hugawanyika tena na tena, mfano wa mti uliosimamishwa kichwa chini, mpaka kwenye vijiti vya mwisho ambako mna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Humo ndimo damu inamochukua oksijeni. Basi pafu zima ni kitu chepesi kama sifongo, kimejaa hewa, na sifongo haipitishi sauti vizuri. Tabibu asikilizapo pafu zima husikia mvumo mwororo tu, kama upepo upitao kwa mbali katika majani ya migomba. Husikika zaidi pumzi inapoingia, na inapotoka hufifia upesi.

Nimonia ikiingia, vifuko vile hujaa majimaji na usaha mahali pa hewa. Sehemu ile ya pafu huwa nzito na ngumu, hata madaktari wa zamani waliopasua maiti waliifananisha na ini. Na kitu kigumu hupitisha sauti kuliko sifongo. Watoto wetu wanalijua jambo hili katika mchezo: mmoja huweka sikio mwisho wa meza ndefu, mwenziwe akakwaruza kwa ukucha mwisho wa pili, na mkwaruzo ukasikika kana kwamba uko ndani ya sikio. Vivyo hivyo mlio wa pumzi katika lile bomba kubwa, ambao pafu zima huufifisha, hupita katika pafu lililojaa usaha ukafika kwenye ngozi ya kifua ukiwa mkali na mkavu.

CHOMBO KILICHOZALIWA NA HAYA

Elimu ya kusikiliza kifua ina historia ndefu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Kanuni juu ya ugonjwa wa pafu lenyewe na ugonjwa wa ubavu, kila mmoja kwa jina lake. Walakini kwa karne nyingi baada yake matabibu hawakuwa na njia ya kujua yaliyomo kifuani ila kumtazama mgonjwa, kushika mshipa wake, na mara nyingine kuweka sikio juu ya ngozi yake.

Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger, tabibu wa Austria ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, alitangaza njia ya kugonga kifua kwa vidole, kama mtu agongavyo pipa ili ajue limejaa hadi wapi. Palipo na hewa hulia kama ngoma. Palipojaa maji au usaha mlio hufa.

Kisha mwaka 1816, mjini Paris, tabibu Mfaransa aitwaye René Laennec alikutana na mgonjwa wa moyo, naye ni mwanamke kijana. Kumwekea sikio kifuani ilikuwa ni aibu, na kwa unene wake kugonga hakukufaa kitu. Laennec akachukua karatasi, akaikunja ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na ya pili sikioni. Akastaajabu kusikia wazi kuliko alivyosikia siku zote kwa sikio tupu. Baadaye akatengeneza bomba la mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu kilichoeleza sauti za kifua moja baada ya moja, akizilinganisha na yale yaliyoonekana katika mapafu ya waliokufa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa alioutambua katika vifua vya watu wengi.

Basi stetoskopu, chombo hiki kinachoning'inia shingoni mwa tabibu, kilizaliwa kwa sababu ya haya. Jamaa zetu wanaosita kuwapeleka wake na mabinti zao hospitali kwa kuogopa kufunuliwa yafaa walijue jambo hili.

SAUTI NA MAANA ZAKE

Tabibu aliyempokea kijana wetu alianza kwa kumgonga mgongoni. Upande wa kushoto ulilia wazi. Upande wa kulia, chini ya bega, mlio ulikufa. Akasikiliza kwa stetoskopu kwa muda mrefu, kushoto na kulia, akilinganisha kila mahali na mahali pa mkabala wake. Kisha akanigeukia akasema, “Maalim, wewe ni mtu wa sauti. Njoo usikilize mwenyewe.”

Nikavitia vile viziba masikioni. Kushoto nilisikia mvumo mwororo niliokwisha kuueleza. Kulia nilisikia kitu kingine kabisa: pumzi ikiingia na kutoka kwa ukali, kama mtu apulizaye katika bomba tupu, na kutoka kwake kulikuwa kurefu kama kuingia kwake. Tabibu akamwambia kijana, “Sema iii, uvute.” Kijana akasema. Upande wa kushoto nilisikia “iii” ya mbali, isiyoelezeka vizuri. Upande wa kulia irabu ilikuwa imegeuka ikawa “eee”, tena ina mtetemo wa puani mfano wa mbuzi aliaye.

Wasomaji wa Qur'ani wanajua jambo liitwalo imala, yaani irabu kuinamishwa kuelekea nyingine. Sikutarajia kuikuta katika ubavu wa mtoto mgonjwa. Tabibu akanieleza kwamba Laennec mwenyewe aliiita sauti hii kwa jina la mbuzi, na kwamba pafu likijaa usaha hubadilisha irabu kwa sababu hupitisha baadhi ya milio na kuzuia mingine. Akamwambia kijana anong'one moja, mbili, tatu. Mnong'ono ambao kushoto haukusikika, kulia ulifika sikioni mwangu herufi kwa herufi.

Sauti hizo kwa pamoja, yaani pumzi ya bomba, irabu iliyogeuka, na mnong'ono ulio wazi, huonyesha nimonia iliyoshika tanzu moja nzima ya pafu. Mara nyingi hiyo huletwa na bakteria waitwao nyumokokasi. Huanza ghafla kwa homa kali na kutetemeka, na utando unaolifunika pafu ukiguswa ndipo huja mchomo wa ubavuni. Ikikaa chini ya pafu, mtoto aweza hata kulalamika tumbo, wazazi wakadhani ni chango.

Iko sauti ya pili, nayo ni ya kupasukapasuka. Shika nywele chache karibu na sikio uzisugue kwa vidole viwili. Au tupa chumvi katika kikaango cha moto usikilize. Sauti hii huja pumzi inapoingia, kwa sababu vijibomba na vifuko vilivyogandamana kwa majimaji hufunguka kwa ghafla kimoja baada ya kingine. Ikiwa nene na imetapakaa pande zote mbili, hasa kwa mtoto mchanga au mzee, tabibu hudhani nimonia iliyotawanyika mabaka mabaka kuzunguka mirija. Walakini moyo uliodhoofika nao huweza kujaza maji mapafuni na kuleta mpasuko kama huu, kwa hiyo tabibu hamalizi hukumu hapo.

Sauti ya tatu ni mluzi. Huu hutoka katika mirija iliyopungua upana, kama filimbi itoavyo sauti kwa wembamba wa tundu lake, na husikika zaidi pumzi inapotoka. Kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi vinavyovimbisha mirija midogo. Kwa wengine ni pumu.

Sauti ya nne ni ya msuguano, mfano wa kiatu kipya cha ngozi mtu atembeapo. Hiyo ni ya utando wa pafu uliowashwa na ugonjwa, pande zake mbili zikisuguana kwa kila pumzi.

Ya tano ni ukimya, na huenda huu ukawa mbaya kuliko zote. Maji au usaha ukijaa kati ya pafu na ubavu, sauti haifiki nje. Na mwenye pumu kali sana ambaye mluzi wake umenyamaza ghafla, naye angali akihangaika kupumua, hajapona. Mirija yake imebanwa hata hewa haipiti ya kutosha kupiga mluzi.

DAWA HAIGAWANYWI

Kijana alipigwa picha ya kifua, ikaonekana weupe chini ya pafu la kulia, pale pale sikio lilipotangulia. Akalazwa, akaanza sindano za dawa ya kuua bakteria.

Kisha ikaja zamu ya dada yake. Tabibu alimhesabia pumzi kwa dakika nzima: 52. Kwa umri wake hizo ni nyingi, na kama angehesabu tu bila kusikiliza angemwita naye mgonjwa wa nimonia. Lakini alikuwa amesikia mluzi pande zote mbili, bila mpasuko wala pumzi ya bomba. Akampa dawa ya kutanua mirija, ya kuvutwa kwa pumzi kupitia kichupa maalumu. Baada ya robo saa akarudia, kisha akahesabu tena. Pumzi zilikuwa 38. Mtoto akaanza kucheza na ushungi wa mama yake.

Mwongozo wa matabibu juu ya watoto wadogo unasema hivyo hivyo: mwenye mluzi na pumzi za haraka apewe kwanza dawa ya kutanua mirija, hata mara tatu, kisha ahesabiwe upya ndipo ugonjwa wake upewe jina. Mtoto yule akarudi nyumbani bila dawa ya kuua bakteria, mama akaambiwa amrudishe upesi akizidi.

Juma la pili kijana naye akaruhusiwa, akapewa vidonge vya kumalizia nyumbani. Mama akaniuliza mlangoni kwa sauti ya chini, “Maalim, si nimpe na mdogo nusu nusu? Kikohozi chake hakijaisha.” Swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi, na huulizwa kwa huruma. Jibu lake ni hapana. Dawa ya kuua bakteria haina nguvu juu ya virusi. Mdogo hatafaidika, mkubwa atapungukiwa na dawa kabla bakteria hawajaisha, na bakteria watakaosalia huenda wakawa wale wagumu ambao dawa ile haitawaweza siku nyingine.

SHAHIDI MMOJA HATOSHI

Baada ya kuyasikia haya, msomaji asije akadhani kwamba sikio peke yake lamaliza kazi. Sauti ni shahidi mwema, lakini ni shahidi mmoja. Huonyesha mahali pa ugonjwa na namna ulivyokaa. Haitaji jina la kijidudu.

Iko nimonia iletwayo na kuvu, ambayo huwashika hasa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI. Mgonjwa huhema kwa taabu, oksijeni imemwishia, na bado kifua chake huweza kusikika safi. Iko nyingine ya bakteria waitwao maikoplazma, huwapata sana watoto wa shule na vijana. Mgonjwa hutembea na kikohozi kikavu kwa majuma, na stetoskopu haisikii mengi. Na kifua kikuu huweza kuvaa nguo za nimonia. Kikohozi kikipita majuma mawili, pamoja na jasho la usiku na kukonda, makohozi hayana budi kupimwa. Sisi wa Bomang'ombe hatuna udhuru katika hilo, kwani kwa njia ya Sanya Juu twafika Hospitali ya Kibong'oto, ambayo tangu zama za ukoloni imejulikana kwa kutibu kifua kikuu.

Tena masikio ya watu hutofautiana. Katika utafiti mmoja mkubwa juu ya nimonia ya watoto, uliowapokea wagonjwa kati ya mwaka 2011 na 2014, sauti za vifua vya watoto waliolazwa zilirekodiwa kwa stetoskopu ya umeme katika nchi sita za Afrika na Asia, Kilifi ya Kenya ikiwamo. Rekodi zilisikilizwa na jopo la wataalamu, na picha za vifua zikasomwa na jopo jingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Kwa watoto wasiokuwa na dalili za hatari, mluzi bila mpasuko ulielekea kuonyesha kwamba nimonia haitaonekana katika picha. Lakini mpasuko peke yake haukutosha kuithibitisha, na kwa watoto waliokuwa na dalili za hatari hakuna sauti iliyoweza peke yake kutabiri picha. Mtoto aliyezidiwa, basi, hasubiri mabishano ya masikio, hutibiwa.

Walakini kuacha kusikiliza kabisa kuna hasara iliyo kubwa zaidi, na ushahidi wake uko hapa hapa kwetu. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 wachunguzi walifuatilia wagonjwa 870, wakubwa kwa wadogo, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mjini Moshi. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Damu ilipochunguzwa kwa makini, ambao homa yao kweli ililetwa na malaria walikuwa 14 tu. Wengine wote walikuwa na jambo jingine. Kila tusemapo “homa ni malaria” tukaenda dukani, tunafunga mlango kabla shahidi hajasema neno.

Jambo kama hilo ndilo lililowaamsha vijana wawili wa Uganda, Brian Turyabagye na Olivia Koburongo. Bibi yake Olivia aliugua, ugonjwa wake ukadhaniwa malaria, akafariki kwa nimonia. Vijana hao wakabuni koti lenye vinasa sauti vya kusikiliza mapafu, na vipimo vya joto na pumzi, wakaliita Mama-Ope. Mwaka 2017 koti hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoteuliwa kuwania tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Wakati huo lilikuwa bado katika majaribio. Nalitaja ili vijana wetu wasomao jarida hili waone kwamba msiba wa nyumbani huweza kuzaa elimu.

HESABU AWEZAYO KILA MZAZI

Nyumbani hatuna stetoskopu, wala haihitajiki. Tuna macho, masikio, na saa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye kikohozi, fanya hivi. Ngoja atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua na tumbo, utazame kupanda na kushuka kwake, uhesabu kwa dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwa kuwa pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Akifikia hesabu hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ziko na dalili nyingine ambazo hazihitaji hata saa. Tazama chini ya mbavu: pumzi ikiingia, je, pale panabonyea ndani badala ya kupanda? Tazama pua kama zinatanuka. Sikiliza kama anaguna kila pumzi itokapo. Na akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea hata haamki vizuri, hapana kungoja asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi miwili hapana kungoja kwa dalili yoyote.

Yako na mambo ya kuyaacha. Kumkata mtoto kimeo kwa sababu ya kikohozi hakugusi mapafu, na huweza kumwaga damu nyingi. Kumchanja chale ubavuni kunaongeza jeraha juu ya ugonjwa. Kumkanda si dhambi, ila saa zipoteazo katika kukanda ndizo hizo ambazo dawa ingefanya kazi.

Na yako ya kutangulia. Chanjo ya kukinga bakteria wa Hib ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2009 ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, na ile ya nyumokokasi mwaka 2013. Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya surua nayo ni kinga, kwani surua hufuatwa sana na nimonia. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza ni kinga. Jiko la kuni lisilo na mahali pa kutolea moshi, ambamo mama hupika huku mtoto yuko mgongoni, ni adui. Na wakati wa baridi huku kwetu milimani huwa tunafunga mlango na dirisha tukaota moshi ule wote. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka mitano ulimwenguni. Wengi wao walihitaji mtu wa kuwatazama mapema, na dawa isiyo ghali.

KUMALIZIA

Sisi tuliokulia miaka ya 1970 na 1980 twakumbuka majirani waliozika watoto, na tulipouliza tuliambiwa neno moja tu, kichomi, kana kwamba neno hilo limeeleza kila kitu. Siku hizi kila Jumamosi, baada ya somo, nawapa wanafunzi wakubwa saa yangu, nao wanafanya zoezi la kuhesabu pumzi za wadogo zao. Mwanzoni walicheka. Sasa wamekuja wawili kwa nyakati mbalimbali kuniambia, “Maalim, mdogo wangu amefika hamsini,” na wazazi wao wakaondoka usiku huo huo.

Kijana wetu alirudi darasani mwezi wa Agosti, amekonda kidogo, shati limempwaya. Akafungua msahafu mahali tulipoachia. Aya ile ndefu aliisoma kwa pumzi mbili. Nilingoja mpaka amalize, nikasikiliza kuingia kwa pumzi yake na kutoka kwake, wala sikumwomba aisome kwa moja.